Tawi la Juu ya Ukuta

Mbwa wa Mama Moodley alizikwa Jumatatu asubuhi, na aliyemchimbia kaburi alikuwa Salvator. Ardhi ilikuwa imekauka kama tofali. Tangu Mei hapakuwa na mvua ya maana, na kila sururu ilipotua ilitimua vumbi jekundu lililomjaa puani. Mbwa mwenyewe alikuwa kwenye toroli, amefunikwa gunia, miguu imekakamaa na kuchomoza nje kama ya meza iliyopinduliwa.

"Jana jioni alikuwa mzima," Mama Moodley alisema kwa Kiingereza. Alikuwa mjane wa Kihindi, muuguzi mstaafu, mwembamba, mwenye ulimi mkali. Siku hiyo alisimama barazani na gauni la kulalia, shali mabegani, akionekana mdogo kuliko siku zote. "Alikula, akanilamba mkono, akatoka nje. Asubuhi namkuta hivi."

"Pole sana, Mama," Salvator alijibu, akaendelea kuchimba.

Hakumwambia alichokiona nyasini alipokwenda kuchukua sururu. Kilikuwa kipande cha nyama kilichobaki, kimenyunyiziwa punje ndogo nyeusi. Alimwonyesha Boniface peke yake. Boniface, Mtanzania wa Moshi, mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo, ndiye aliyekuwa msimamizi wa bustani zote za esteti ile. Alichuchumaa, akaitazama ile nyama bila kuigusa, kisha akaiviringisha kwenye gazeti.

"Umemwonyesha mama?"

"Hapana."

"Usimwonyeshe. Nitampelekea meneja."

Katika Durban ya mwaka ule wa tisini na nane kila mtu aliyefanya kazi kwenye nyumba za watu alijua maana ya mbwa kulishwa sumu. Kuna watu wanataka kuingia, na hawataki kelele.

Esteti yenyewe ilikuwa juu ya kilima, nyumba zilizozungushiwa ukuta mmoja mrefu, na juu ya ukuta waya wa umeme. Mbele kulikuwa na geti na walinzi. Nyuma kulikuwa na korongo lenye kichaka kizito, na ng'ambo ya korongo barabara ya vumbi isiyokuwa na taa. Nyumba ya Mama Moodley ilikuwa ya mwisho kabisa, mgongo wake umeelekea korongo.

Ilikuwa Agosti, baridi inakatika. Ndiyo miezi ya kazi kwa watunza bustani: kupogoa mawaridi, kukwangua nyasi zilizokufa, kumwaga samadi kwenye matuta kabla mvua za kwanza hazijafika. Huko kaskazini walikuwa wakichoma mashamba ya miwa, na majivu membamba meusi yalisafiri na upepo yakaanguka juu ya nguo zilizoanikwa na juu ya maji ya mabwawa ya kuogelea. Mchana kutwa Salvator alikuwa akiyakung'uta mikononi. Kwao Burundi alikuwa akifanya kazi kwenye vitalu vya kahawa, na majivu ya namna hiyo alikuwa ameyaona mara moja tu. Hayakuwa ya miwa.

Mchana ule ule Boniface akatoa amri. Kila tawi linalopita juu ya ukuta likatwe, na kazi iwe imekwisha kabla ya Ijumaa. Salvator na mwenzake Ameir, kijana wa Pemba aliyekuwa akishika ngazi na kuburuta matawi, walianzia getini wakazunguka. Walipofika kwa Mama Moodley walikuta amewatangulia. Alikuwa amesimama chini ya mkenge wake, mikono kiunoni.

Ulikuwa mti mkubwa, umepukutisha majani yote, kichwa chake bapa kama mwavuli uliobaki vijiti. Tawi moja nene lilitoka ubavuni, likapanda, likapita juu ya waya wa umeme na kunyooka hadi juu ya korongo, kama mkono unaotaka kumpokea mtu.

"Hilo hamligusi," Mama Moodley alisema. "Tazameni."

Penye panda ya lile tawi kulikuwa na rundo la vijiti, na juu yake ndege mkubwa wa kijivu, mdomo mrefu umepinda. Ni yule ambaye watu wa hapa humwita hadida kwa sababu ya mlio wake, mlio wa mtu anayepigiwa kelele akiwa bado usingizini. Alikuwa ameatamia.

"Mbwa wangu amekufa," mama alisema. "Hawa waacheni."

Boniface aliitwa. Alitazama juu, akatazama korongo, akamtazama mama. Alikuwa mtu wa huruma, na huruma siku ile ilimponza. "Haya," alisema. "Kateni mengine yote. Hilo liacheni mpaka vifaranga viruke. Mimi nitazungumza na meneja."

*

Salvator alikuwa akiishi mtaa wa Albert Park, ghorofani, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Upande wa pili waliishi Wakongomani wawili, mtu na dada yake. Mkewe Godelive alisuka nywele hapo hapo chumbani, na binti yao Clara, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza majina ya rangi kwenye shule ya chekechea, alicheza chini kati ya miguu ya wateja.

Jumatano jioni alipofungua mlango alisikia Godelive akicheka. Kwenye kiti pekee chenye mgongo alikaa mwanamume aliyevaa koti la ngozi, amekunja nne, kikombe cha chai mkononi. Clara alikuwa gotini kwake akila biskuti.

"Baba Clara, karibu," Godelive alisema. "Huyu ni Honoré. Mchumba wake atakuja kusuka Jumamosi. Ameleta nywele kabla, tazama, za bei kubwa."

Mgeni alinyanyuka nusu, akampa mkono laini. "Grand frère, kaka mkubwa. Nimekungoja. Wanakuchosha huko mlimani, eish."

Kiswahili chake kilikuwa cha kila mahali. Neno moja la Bukavu, moja la Nairobi, kidogo la Dar, kwa hiyo usingeweza kusema ametoka wapi. Salvator alivua viatu taratibu. Hakuwa amemwambia mtu yeyote asiyemjua kwamba anafanya kazi mlimani.

Godelive alichukua ndoo akaenda kuchota maji kwenye bomba la ukumbini. Mlango ulipofungwa, Honoré aliendelea kutabasamu vile vile, akimfuta Clara makombo ya biskuti kwenye kidevu.

"Nasikia mnakata miti," alisema.

"Ndiyo kazi ya wakati huu."

"Kazi muzuri. Lakini iko tawi moja, kule mwisho, kwa ule mama Muhindi. Lenye ndege." Alisema "ndege" kwa upole, kama mtu anayependa ndege. "Ile, uliache."

"Msimamizi ameshasema liachwe."

"Unaona? Basi mimi siombi kitu. Sikuombi ufungue geti, sikuombi unionyeshe mlango. Nakuomba ufanye vile bosi wako amesema. Mpaka Ijumaa ipite tu. Mtu anaweza kukataa jambo kama hilo?"

"Kwa nini basi umekuja mpaka hapa?"

Honoré alifikiri kidogo, kana kwamba swali lilikuwa zuri. "Kwa sababu watu hubadilisha mawazo. Mtu analala, anaamka na wazo mpya. Nilitaka tujuane kabla haujalala." Alimshusha Clara sakafuni, akamshika kichwa kidogo. "Mtoto mwerevu. Ananiambia anaitwa nani, anasoma wapi, mama anamwacha saa ngapi. Yote."

Alipokuwa akitoka aligonga mlango kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. "Mbao nyepesi hii," alisema. "Sharp, grand frère. Mshukuru mama kwa chai."

Godelive aliporudi na ndoo alikuta mumewe amesimama katikati ya chumba, amembeba mtoto, amemkumbatia hata Clara akaanza kulalamika.

"Vipi tena?"

"Huyo mtu asiingie tena humu."

"Kwa nini? Amekukosea nini?"

Aliogopa kwamba akilisema, litakuwa kweli.

*

Kesho yake Ameir hakuimba. Kwa kawaida alikuwa mtu wa kuimba taarabu huku akiburuta matawi, mpaka wenye nyumba wakachungulia madirishani. Alhamisi ile alifanya kazi kichwa chini, na kila gari lilipopita ng'ambo ya korongo aligeuka.

Salvator alingoja mpaka walipofika kwenye lundo la takataka nyuma ya stoo.

"Ameir. Nani kamwambia Honoré habari za ndege?"

Kijana aliacha kamba ikaanguka. "Amekuja kwako?"

"Amempakata mwanangu."

"Wallahi kaka Salva, mie sikujua." Alikaa chini kwenye gogo. "Alikuwa ananipa lifti asubuhi, pale kwenye roboti, kwenye taa za barabarani. Gari nzuri, redio, maneno matamu. Akiuliza hili, namjibu. Nani anakaa wapi, nani yuko peke yake. Nilidhani ni mazungumzo tu. Mbwa alipokufa ndipo nikafahamu. Nikamwambia sitaki tena lifti yake. Akacheka, akanambia, mbona umeshafika unakokwenda?"

"Lini?"

"Kesho, magharibi ikiingia. Mama huwa sebuleni anatazama televisheni. Mie kesho sipo, kaka. Iko lori inakwenda Cape Town, dereva ni wa kwetu. Njoo tuondoke."

"Nina mke na mtoto."

"Basi fanya kama hujui. Tawi umeambiwa uliache. Nani atakulaumu?"

Hilo ndilo lililomsumbua Salvator kuliko vitisho vyenyewe. Hakuna ambaye angemlaumu. Mama mwenyewe aliomba, Boniface aliamuru, na yeye alikuwa mtu wa msumeno tu. Akiripoti kwa walinzi, wangemuuliza amewajuaje wezi. Mwaka uliotangulia nyumba moja iliibiwa, na Mmalawi aliyekuwa akiosha bwawa lake alipigwa hata akapoteza jicho, kisha ikaonekana hahusiki.

Aliyafikiria hayo jioni nzima. Lakini katikati ya mawazo hayo kila mara alirudi Kamenge, mtaa wao wa Bujumbura, ile asubuhi ambayo muuza maziwa hakupita. Muuza maziwa alikuwa amejua. Dukani walikuwa wamejua pia, ndiyo maana hawakufungua. Mtaa ulikuwa umejaa watu wanaojua, na kila mmoja alifanya yale aliyoruhusiwa kufanya: alifunga dirisha lake, akakaa kimya. Hadi adhuhuri nyumba ya kaka yake Salvator ilikuwa majivu, na kaka yake ndani.

Godelive alilala. Yeye alikaa amemtazama Clara, kisha akamwamsha mkewe akamweleza yote. Godelive alisikiliza bila kumkatiza. Aliziangalia zile nywele za bei kubwa zilizokuwa bado kwenye mfuko wake mezani.

"Ukilikata, watatujia sisi," alisema.

"Ndiyo."

"Na huyo mama hata hakujui jina."

"Analijua."

Godelive alijigeuza ukutani. Kisha akasema, "Kesho mtoto haendi shule. Nitafunga mizigo twende kwa Akimana, Clairwood. Lakini usiniambie nifurahi."

*

Ijumaa iliamka na ule upepo wa moto kutoka milimani, unaokuja mwishoni mwa baridi na kukausha hata mate. Majani makavu yalikimbia barabarani kama panya. Angani moshi wa miwa ulifanya jua liwe jekundu tangu asubuhi. Ameir hakuja kazini.

Salvator alibeba ngazi peke yake. Alifanya kazi nyumba nyingine mpaka alasiri, akitumaini kitu kitatokea, meneja abadili amri, upepo uliangushe lile tawi, chochote. Hakikutokea kitu. Jua lilipoanza kuinama alikwenda kwa Mama Moodley, akaegemeza ngazi kwenye mkenge, akapanda.

Hadida alimwona akija. Hakuruka. Alimkazia macho, akafungua mdomo wake mrefu, na Salvator alipofika usawa wa kiota ndipo aliporuka na kulia, mlio uliogonga kuta zote za esteti. Kiotani kulikuwa na mayai ya rangi ya zeituni, yenye madoa. Alijaribu kukinyanyua kile kiota chote. Vijiti vilisambaratika mikononi mwake. Aliokoa yai moja akalitia mfukoni mwa ovaroli, mengine yalianguka.

Mlango wa nyumba ulifunguka kwa kishindo.

"Salvator! Salvator, unafanya nini?"

Alianza kukata. Msumeno uliingia kwenye ule mti mkavu kwa sauti ya kukwaruza, na Mama Moodley chini yake alikuwa akipiga shina kwa viganja vya mikono. Alimwita muuaji. Alimwita mnyama. Alisema kwa hiyo ndivyo mlivyo, ndiyo maana mnafukuzwa kila mnakokwenda. Salvator alimsikia na hakuacha. Chini ya kwapa lake, ng'ambo ya korongo, aliona gari jeupe limeegeshwa chini ya miti, na hakujua limekuwa pale tangu lini.

Tawi lilipasuka, likaning'inia kwa ganda, likaanguka upande wa korongo na kuvunja vichaka. Baada ya hapo ukawa ukuta mtupu na waya wake.

Boniface alifika mbio, jasho likimtiririka. "Una wazimu? Si nilikwambia..."

Salvator alishuka, akamvuta kando, akamweleza kwa maneno machache: Honoré, nyama, Ijumaa, gari. Hakumtaja Ameir. Boniface alisikiliza, na uso wake mkubwa ukabadilika rangi. Aligeuka akalitazama korongo. Gari lilikuwa bado pale.

"Mama," alimwambia Mama Moodley kwa Kiingereza, sauti yake ndogo ikawa ngumu ghafla, "ingia ndani ufunge. Nampigia binti yako aje akuchukue."

"Siendi kokote! Namtaka huyu mtu aondoke!"

"Ataondoka. Ingia ndani."

Walinzi walikuja na mbwa wao wakajipanga ukutani. Mwanga wa tochi ulipolifikia gari, liliwasha injini bila haraka, likarudi nyuma, likapotea. Giza lilikuwa bado halijaingia vizuri binti wa Mama Moodley alipofika kutoka Chatsworth, akamchukua mama yake, ambaye hata alipokuwa akiingia garini hakugeuka kumtazama Salvator.

Boniface alitoka ofisini kwa meneja, akamkuta Salvator ameketi kwenye ukingo wa barabara.

"Nimemweleza," alisema. "Ameniuliza umewajuaje hao watu. Nikamwambia walikufuata. Anasema mtu anayefuatwa na majambazi hamtaki ndani ya geti lake. Usirudi Jumatatu, Salvator."

"Nilijua."

"Ningeweza kukutetea zaidi. Nina watoto wanne Moshi."

Salvator alitoa lile yai mfukoni. Lilikuwa limepasuka. Alilifuta kwenye nyasi, akaenda.

Kwenye kituo cha teksi, zile daladala za huku, chini ya kilima, Honoré alikuwa ameegemea nguzo, mikono kwenye mifuko ya koti. Watu walipanga foleni, wafanyakazi wa nyumbani na mifuko yao, wakizungumza Kizulu na kucheka kwa sababu ni Ijumaa. Alimwacha Salvator apite hadi nyuma ya foleni, kisha akasogea akasimama karibu naye, kama mtu anayengoja gari lile lile.

"Upepo mkali leo," alisema.

Salvator alisogea hatua moja na foleni.

"Msalimie Clara." Akatabasamu, akavuka barabara, akaondoka.

*

Hawakulala tena Albert Park. Godelive alikuwa ameshatangulia na mtoto kwa Akimana, mwanamke wa kwao aliyepika chakula cha madereva wa malori Clairwood, na Salvator alishuka njiani akaunganisha huko huko bila kupitia nyumbani. Jumapili yule jirani Mkongomani alikuja na habari. Mlango ulivunjwa Ijumaa ile ile, watu wakiwa bado wanakula, televisheni za majirani zikisikika. Hawakuiba. Walivunja kitanda, wakamwaga mafuta ya nywele sakafuni, wakachana nguo za mtoto moja moja, kwa utulivu, mpaka zikaisha. Jirani alikuwa nyuma ya pazia na dada yake, mikono mdomoni. Mmoja wa wale watu alisema kupitia pazia, kwa Kiswahili kizuri, "Nyinyi laleni."

Ameir hakujulikana alikoishia. Wengine walisema ameonekana Cape Town, wengine walisema lile lori halikumpakia mtu. Boniface alipeleka salamu mara moja. Mama Moodley alirudi nyumbani kwake na mbwa mpya, na hakuna aliyeingia. Alikuwa akiwasimulia majirani kisa cha Mrundi aliyeua ndege wake kwa roho mbaya. Boniface alijaribu kumweleza, mama akamwambia asimtetee.

Salvator alipata kazi ya kuosha malori. Gari lolote jeupe lilipopunguza mwendo langoni aliacha brashi akasimama, na wenzake wakajifunza kutomuuliza. Clara hakupelekwa shule nyingine. Godelive hakumwachia mkono hata chooni, na kwa majuma mengi hakuzungumza na mumewe ila kwa mambo ya chakula na maji.

Kisha asubuhi moja, mvua za kwanza zikiwa zimeanza kupiga bati, alimuuliza huku akikoroga uji, bila kumtazama, "Huyo mama yako wa Kihindi. Ana watu wangapi?"

"Binti mmoja."

"Na anakaa peke yake nyumba nzima."

"Peke yake."

Godelive alikoroga. Uji ulianza kuchemka na kurusha matone, naye akapunguza moto.

"Mimi ningeliacha," alisema mwishowe. "Nataka ujue hivyo. Ningeliacha tawi, na ningelala." Akampakulia, akamwekea bakuli mbele yake. "Kunywa, kabla malori hayajaja."